PS2 kwenye TV ya flati inatoa picha mbaya kuliko chogo, naombeni msaada

Mama Kibanda, Uyole
Habari zenu wakuu. Nina kibanda cha gemu hapa Uyole, Mbeya, PS2 mbili. Mwezi uliopita chogo langu moja la inchi 21 lilikufa, nikajikusuru nikanunua flati ya inchi 32 nikijua vijana watafurahi. Kwenye gemu ya mpira, namba za migongoni mwa wachezaji hazisomeki. Jezi nyekundu zinamwaga rangi mpaka kwenye nyasi, wachezaji wamekuwa wafupi wanene. Kibaya zaidi, kijana akibonyeza pasi, mpira unatoka kwa kuchelewa. Sasa wanapanga foleni kwenye chogo lililobaki, flati inawaka bure. Nilijaribu kuchomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani, picha ikaja nyeusi na nyeupe. Muuza duka ananiambia ninunue kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI. Ninunue?

Fundi wa Mlandege, Iringa
Dada, hela ya kiboksi iweke kwanza. Waya wa njano unabeba mwanga na rangi kwa pamoja kwenye uzi mmoja, TV inabaki na kazi ya kuzichambua, na hapo ndipo nyekundu inapomwagika. Kiboksi kitapokea njano hiyohiyo, kwa hiyo uchafu utaingia nao kwenye HDMI. Tundu la kijani linasoma mwanga tu, ndiyo maana rangi zilipotea.

Tafuta waya wa component wa PS2, wenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu vya picha, halafu nyekundu na nyeupe vya sauti. Kabla hujauchomeka, njano ikiwa bado ipo, washa PS2 bila diski, ingia System Configuration, kwenye Component Video Out chagua Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukiiacha RGB rangi zitaharibika, utadhani umeuziwa waya mbovu.

Kuhusu kuchelewa: gemu nyingi za PS2 hutoa picha kwa mistari nusunusu. Chogo huichora papo hapo inapofika. Flati inaunganisha zile nusu, inaikuza picha, ndipo ionyeshe. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya TV, itapunguza kazi hiyo. Umbo la picha weka 4:3, unene utaisha. Na ukali wa picha ushushe kabisa, ndio unaoweka kivuli cheupe pembeni ya maandishi.

Kijana wa Tukuyu
Shikamoo mama. Hilo chogo lililobaki usiliuze, mimi langu nimelifunika kitenge na radi ikianza nachomoa plagi na antena. Kuna diski kadhaa za toleo la Marekani, ukishikilia pembetatu na X wakati gemu inaanza, inakuuliza kama unataka picha ya 480p, yaani mistari yote kwa pamoja badala ya nusunusu. Ukiwa na component, kubali.

Mama Kibanda, Uyole
Marahaba mwanangu. Fundi, Mungu akubariki. Waya nimeupata Mwanjelwa, duka la tatu. Jana jioni namba 10 mgongoni nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni! Pasi zinatoka kwa wakati, karibu sawa na chogo. Ila diski moja ya zamani ya PS1 TV inasema hakuna mawimbi.

Fundi wa Mlandege, Iringa
Gemu nyingi za PS1 zinatoka kwa 240p, yaani picha ya mistari michache, na flati nyingine haziipokei kupitia component. Diski hiyo ipeleke kwenye chogo, dada.