Gemu haiuzwi tena popote unapoishi: maktaba izuiwe kuiazimisha kwa nini?

Wakuu, naleta hoja hii kupitia gemu moja tu, Medarot. Tukisema "gemu za zamani" kwa jumla, kila mtu atakuwa na zake kichwani na hatutaelewana.

Medarot ilitoka Japani Novemba 1997 kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, kutoka kampuni ya Imagineer. Ilitolewa kwa kaseti mbili, Kabuto na Kuwagata, majina ya mbawakawa wawili ambao watoto wa kule wanawapenda sana. Unaunda roboti kwa vipande vinne: kichwa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto na miguu, kisha unaipachika medali ambayo ndiyo akili yake. Kila kipande kina uhai wake. Mkono wenye silaha ukivunjwa, silaha hiyo imekwenda, pambana na ulichobakiwa nacho. Unapigana na kikosi cha roboti hadi watatu, na kichwa cha kiongozi wao kikivunjwa umeshindwa, hata kama wenzake wote wawili bado wazima. Na mshindi anaondoka na kipande cha aliyeshindwa! Kwangu mimi hii ni moja ya kanuni bora kabisa zilizowahi kubuniwa kwenye gemu za mkononi, maana hakuna pambano la bure. Kila mara mmoja anatoka na kitu na mwingine anatoka amepungukiwa.

Sasa mtu wa leo akitaka kuicheza kihalali afanyeje? Kaseti ile ya 1997 haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani. Marekani na Ulaya walikuja kuonja mfululizo huu baadaye kwenye Game Boy Advance, kwa jina la Medabots, na matoleo mengi yaliyofuata hawakuyaona. Mwaka 2020 zile za mwanzo zilirudishwa kwa ajili ya Switch, mashine ya baadaye ya Nintendo, lakini kwa soko la Japani, kwa Kijapani. Zinabaki kaseti za mitumba. Na kaseti za Game Boy za aina hii zina kibetri cha duara ndani, kama cha saa, ndicho kinachoshikilia kumbukumbu. Kikifa, gemu itawaka, ila roboti zako zote ulizokusanya zimefutika.

Hali si ya Medarot peke yake. Julai 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena. Maktaba zikaomba ruhusa ya kuwaazimisha watafiti nakala kwa njia ya mtandao. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa. Chama cha kampuni za gemu kilipinga ombi hilo, na hofu kubwa ilikuwa kwamba watu watazitumia kwa kujiburudisha.

Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zote. Kitabu cha hadithi pia kinaazimwa maktaba kwa kujiburudisha, na hakuna anayemwekea msomaji mlinzi mlangoni.

Najua wanaopinga wana hoja nzito mbili. Ya kwanza ni kwamba ukifungua mlango, wezi wataupitia. Ni kweli wapo. Mwaka 2018 wenye tovuti ya LoveROMs, iliyogawa nakala za gemu bure, walikubali hukumu ya kuilipa Nintendo zaidi ya dola milioni 12, na siwatetei, maana walikuwa wanagawa hata vitu ambavyo mwenyewe bado anaviuza. Ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi: mwenye mali anaweza kuirudisha sokoni siku yoyote, na hilo toleo la Switch ni ushahidi. Lakini lilichukua zaidi ya miaka 20, na hata hivyo halikumfikia asiyesoma Kijapani. Kwa sheria ya Japani, kazi ya kampuni hulindwa miaka 70 tangu itoke. Kwa Medarot ya kwanza hiyo ni hadi mwisho wa 2067. Kibetri hakitasubiri.

Msimamo wangu ni huu. Mwenye gemu akiiuza mahali nilipo, kwa lugha ninayoisoma, ninunue, na anayeigawa bure ashitakiwe. Asipoiuza, maktaba iruhusiwe kuazimisha nakala, na akirudi sokoni, maktaba isimamishe. Na mashabiki wanaotafsiri gemu hizi kwa lugha nyingine waachwe. Faili lao ni kiraka tu, lina yale maneno yaliyobadilishwa, halina gemu ndani. Bila nakala ya gemu yenyewe halifanyi kitu.

Wale mnaosema hakimiliki isiguswe kabisa, naomba mnijibu moja: mwenye haki anapoteza shilingi ngapi maktaba ikiazimisha kitu ambacho yeye mwenyewe amekataa kuniuzia?