Betri za kuchaji kwenye flashi: hizi volti 1.2 zinatosha kweli?

DadaNuru_Moro

Wakuu habari zenu. Napiga picha za sendofu na harusi hapa Morogoro. Flashi yangu ni Yongnuo, inakula betri nne za AA. Mpaka sasa natumia zile za alkalini za kutupa. Mwanzo wa shughuli mambo ni mazuri, ila tukifika kwenye keki ile taa ya nyuma inachelewa kuwaka. Nabonyeza, picha inatoka giza, na MC ameshahamisha watu kwenye shampeni. Pakiti mbili zinaisha ndani ya ukumbi mmoja, na hesabu ya mwisho wa mwezi hainifurahishi kabisa.

Nataka kuhamia za kuchaji. Mwenye duka mmoja kaniambia nisithubutu, zimeandikwa 1.2V wakati flashi inataka 1.5V, eti itakosa nguvu na mwishowe itaungua. Nikashuka Kariakoo, kijana akanionyesha zilizoandikwa 4800mAh kwa bei ya chee, na nyingine zina tundu la USB ubavuni, zimeandikwa 1.5V. Mwenye uzoefu naomba aniongoze: nichukue zipi? Na huyo wa kwanza ana ukweli wowote?

Kipepeo_Tz

Achana na AA dada. Chukua flashi yenye betri yake ya lithiamu. Godox V860II ikijaa chaji inamulika mara kama 650 kwa nguvu kamili, na kurudi tayari kwa picha nyingine ni sekunde 1.5. Kesi imeisha.

FundiTaa_Mwanza

Kipepeo, dada ameuliza betri, wewe unamuuzia flashi. Flashi nzuri hiyo, sibishi, lakini tuje kwenye swali.

Dada Nuru, huyo mwenye duka amesoma kibandiko akaishia hapo. Kazi yangu ni kufungua flashi, na sijaletewa hata moja iliyokufa kwa sababu ya betri za 1.2V. Zinazokuja zimekufa kwa joto, au mtu alisahau alkalini ndani msimu mzima zikavuja, ukafungua mlango wa betri ukakuta unga mweupe umekula vyuma. (Huo unga, kwa anayehitaji: siki kidogo kwenye pamba ya masikioni, futa, kausha vizuri. Kama haujafika kwenye nyaya, flashi inapona.)

Sasa hizo volti. 1.5 ya alkalini ni hali yake ikiwa imetulia, hakuna anayeidai kitu. Flashi inadai, tena kwa fujo. Ndani mna kapasita ambayo kila baada ya picha lazima ijazwe upya hadi volti mia tatu na ushee. Ule mlio mwembamba unaousikia ndio kazi yenyewe, na muda huo betri zako nne zinanyonywa ampea kadhaa kwa mkupuo. Alkalini ina ukinzani mkubwa ndani yake. Ukiinyonya hivyo volti zinaporomoka, na kadiri inavyochoka ndivyo zinavyoporomoka zaidi. Ndiyo maana yako inakuangusha kwenye keki wakati kwenye kuingia kwa maharusi ilikuwa moto moto.

NiMH, hizi za kuchaji, ukinzani wake ni mdogo. Inatoka kwenye chaja na kama 1.4, inashuka mapema hadi 1.2 na kitu, halafu inang'ang'ania hapo karibu muda wake wote. Nne ni 4.8. Alkalini nne ni 6 kwenye kibandiko, lakini kapasita haisomi kibandiko. Nikon wenyewe, kwenye maelezo ya flashi yao ya SB-900, waliandika kurudi tayari kwa nguvu kamili ni sekunde 4 ukiwa na alkalini na 2.3 ukiwa na NiMH. Hao ndio waliotengeneza chombo, na mwenye duka yeye ametengeneza nini?

Hiyo 4800mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) imetoka kwenye mashine ya kuchapa vibandiko, kwenye betri haimo. AA ya NiMH ya kweli inagota kwenye 2500 hadi 2800 hivi. Ukiona zaidi ya hapo weka chini, endelea na safari. Tena zishike mkononi: nyingi za namna hiyo ni nyepesi ajabu.

Mimi naziamini Eneloop. Sanyo walizitoa mwaka 2005, leo zinaitwa Panasonic. Kilichozipa jina ni kwamba hazivuji chaji zikikaa. NiMH za zamani ulikuwa unazijaza leo, mwezi ukipita unazikuta zimejimaliza zenyewe kwenye begi. Kuna nyeupe za 2000mAh hivi na nyeusi za 2500. Watu wanakimbilia nyeusi. Mimi nasema chukua nyeupe: mtengenezaji mwenyewe anazihesabia kuchajiwa mpaka mara 2100, nyeusi anazihesabia 500. Kwa kazi ya kila wikendi ni bora seti tatu nyeupe kuliko mbili nyeusi. Kama Eneloop halisi hupati, angalia yoyote ya jina linaloeleweka iliyoandikwa HR6 na ambayo haidai maajabu. HR6 ndiyo NiMH, LR6 ni alkalini. Herufi hizo mbili zitakuokoa siku muuzaji hajui anachouza.

DadaNuru_Moro

Ubarikiwe fundi. Na hizi za USB? Zimeandikwa 1.5V, nikadhani ndizo dawa.

FundiTaa_Mwanza

Hapana. Hiyo ndani ni lithiamu ya volti 3.7 na kisakiti kidogo cha kuishusha hadi 1.5. Kisakiti hicho kina kikomo cha umeme kinachoweza kupitisha, na flashi inapita hicho kikomo bila hata kubisha hodi. Unapata flashi inayochelewa au inayojizima. Na kuna ubaya wa pili: inaonyesha 1.5 mpaka tone la mwisho, halafu inakata ghafla. NiMH inakuaga. Ukiona taa imeanza kuchelewa kuliko kawaida, una muda wa kubadilisha kabla mambo hayajaharibika. Za USB weka kwenye rimoti ya king'amuzi.

Ila kuna za hatari kabisa, zinaitwa 14500. Umbo ni lile lile la AA, zinaingia bila tabu, lakini kila moja ni 3.7V na haina kisakiti cha kushusha chochote. Nne ni karibu volti 15 ndani ya kitu kilichotengenezewa 6. Usijaribu, na mwambie msaidizi wako pia asijaribu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa: chaja. Watu wanauliza betri ipi wiki nzima, halafu wanazichomeka kwenye chaja ya bure iliyokuja na pakiti. Zile nyingi zinachaji mbili mbili na zinaongozwa na saa tu, haziangalii betri imejaa au la. Sasa fikiria hapa kwetu. Betri zimefika karibu kujaa, umeme unakatika. Umeme unarudi, chaja inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri, inazisukumia betri zilizojaa masaa mengine yote. Usiku mmoja umeme ukicheza mara tatu, asubuhi unazikuta za moto kama chapati. Mtu analaumu betri.

Tafuta chaja inayosoma kila betri peke yake na kukata yenyewe. Panasonic wanayo, BQ-CC17, na wapo XTAR, Opus na wengine. Ukiona chaja ina taa nne kwa matundu manne, ni dalili nzuri. Kama inakuruhusu kuchagua kasi, kwa hizi za 2000mAh weka kati ya mA 500 na 1000. Vuguvugu mwishoni ni sawa. Ikikuunguza kidole si sawa.

Na kila seti iwe familia moja. Andika kwa kalamu ya maka A, A, A, A, seti nyingine B, ziingie pamoja, zitoke pamoja, zichajiwe pamoja. Ukichanganya iliyochoka na tatu zenye nguvu, zile tatu zinaiburuza ile dhaifu mpaka chanya na hasi vinageuka, na hapo imekwisha.

Mzee_wa_Pentax

Fundi amemaliza, naongeza upande wa kamera. Pentax K-x yangu ya 2009 inatumia AA nne, na alkalini za kawaida inazimaliza kabla hujashuka kwenye daladala. NiMH zinanitosha siku nzima bila flashi. Wenye Nikon wanaotia AA kwenye gripu ya MB-D10 (kile kishikio cha betri kinachofungwa chini ya kamera): ingieni kwenye menyu mchague HR6. Msipochagua, kamera inadhani ni alkalini, inaona volti ndogo, inaanza kulia betri imeisha wakati bado ipo. Hata vikamera vidogo vya Coolpix vya AA vina menyu hiyo. Vijana wengi hawaijui.

Kipepeo_Tz

Fundi nakuelewa, lakini bado nasema lithiamu. Sekunde 1.5 si sawa na 2 na kitu.

FundiTaa_Mwanza

Kasi ni kweli. Ila siku pakiti yako imezima Kilosa saa nne usiku, utainunua wapi? Dada yeye akiishiwa seti zote anamtuma mtoto duka la jirani na anarudi na alkalini nne za kumalizia shughuli. Mimi mwenyewe nina zote mbili, sikatai.

DadaNuru_Moro

Nimewaelewa wakuu. La mwisho: kaka yangu ana NiMH za zamani, zimekaa kabatini miaka. Niliziweka kwenye chaja ya rafiki yenye akili, inazikataa, taa inapepesa tu. Nizitupe?

FundiTaa_Mwanza

Zimeshuka chini sana, chaja inaona kama hakuna kitu. Ziweke kwenye ile chaja ya bure ya saa kwa dakika kumi, ukiwa umekaa hapo hapo, halafu zirudishe kwenye yenye akili. Ikizikubali, zijaze, zitumie mpaka ziishe, zijaze tena, mara mbili tatu, zinaweza kurudisha sehemu ya nguvu. Ikizikataa tena au zikipata moto haraka, basi hizo zimekufa. Usizichome na takataka. Na hata zikifufuka, usije nazo ukumbini. Zipe kazi ya mausi ya kompyuta.