Postdoki asiye raia wa Marekani: K99/R00 au R21 kwa utafiti wa udhibiti wa tumbaku?

KemiaNaMoshi
Habari wakuu. Niko mwaka wa pili wa postdoki (utafiti wa baada ya PhD) Marekani, nina viza ya kazi. Si raia wala mkazi wa kudumu. Nataka kuomba ruzuku ya NIH (taasisi za taifa za utafiti wa afya) inayotokana na fedha za FDA (mamlaka ya chakula, dawa na tumbaku) za sayansi ya udhibiti wa tumbaku. Wazo langu ni kuwapa vijana wa miaka 18 hadi 25 sigara za kielektroniki zenye menthol (ladha ya mnanaa inayopoza koo) na zisizo nayo, nipime dalili za uraibu, kisha nioneshe kwamba kodi kwenye kimiminika chake ingepunguza matumizi. Niombe K99/R00 (ruzuku ya kumvusha postdoki hadi ajira ya kujitegemea) au R21 (ruzuku ya utafiti wa awali)? Pia kuna taasisi inayofadhiliwa na kampuni ya sigara na masharti yake ni mepesi. Kuna ubaya kuanzia huko?

Mpitia_Maombi
Anza kwa kuitoa kodi. Sheria ya 2009 iliipa FDA mamlaka juu ya tumbaku, lakini haikuipa uwezo wa kutoza kodi, kupiga marufuku sigara zote, wala kuamuru nikotini ishuke hadi sifuri. Fedha hizi ni ada wanazotozwa watengenezaji na waagizaji wa tumbaku, na kisheria hutumika kwa kazi ya udhibiti huo tu. Ombi lililo nje ya mamlaka hiyo linaweza kurudishwa kabla jopo halijalisoma, hata sayansi yake ikiwa safi. Dawa za kuwasaidia watu kuacha sigara nazo zinaangukia nje ya mamlaka hiyo ya tumbaku, na watu wengi hawalitarajii hilo.

Menthol ni jambo jingine. FDA inaweza kuweka viwango vya bidhaa, ikiwemo ladha, kiwango cha nikotini na viambato vya moshi, na ndiyo inayoamua bidhaa mpya ipi iruhusiwe sokoni. Kwa hiyo uliza hivi: nikotini ikibaki ile ile, menthol inaongeza kiasi gani cha nikotini kinachoingia mwilini na hamu ya kuvuta tena? Na menthol ikiondolewa, mtu anaacha, anahamia ladha nyingine au anarudi kwenye sigara za kawaida? Hilo la mwisho usilisahau, maana kanuni hupimwa kwa athari yake kwa jamii nzima, wasiovuta wakiwemo.

Ukurasa wa malengo mahususi, ule unaofupisha ombi lako, utaje uamuzi wa FDA unaouhudumia tangu aya ya kwanza. Kisha mtumie afisa wa programu wa NIH ukurasa huo kwa baruapepe, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, umuulize jambo moja: je, hili limo ndani ya mamlaka ya FDA?

Ruzuku101
Kwa hali yako, K99/R00. K01, ruzuku nyingine ya kukuza watafiti, inadai uraia au ukazi wa kudumu, K99 haidai. Ila saa inakimbia: unapowasilisha usiwe umezidi miaka 4 ya uzoefu wa postdoki, na ukikataliwa, ombi la marudio nalo linabanwa na kikomo hicho hicho. Wasilisha sasa, mwaka wa pili, ili ubaki na nafasi ya kurudia.

K99 ni hadi miaka 2 chini ya mlezi, R00 hadi miaka 3 ukishapata ajira ya kujitegemea, na angalau asilimia 75 ya muda wako iwe ya utafiti. Maelezo ya mwombaji na ya utafiti yanagawana kurasa 12. Wengi hula 9 kwa majaribio, mpango wa mafunzo ukabaki mwembamba, na hapo ndipo alama hupotea. Barua za wadhamini ni 3 hadi 5, zisitoke kwa mlezi wako, nao wenyewe wazitume kwenye eRA Commons (mfumo wa mtandaoni wa NIH wa maombi) kabla ya tarehe ya mwisho.

R21 ni dola 275,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka 2, zisizozidi 200,000 kwa mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba vyuo vingi havimruhusu postdoki kuwa mtafiti mkuu. Muulize mtu wa ofisi ya ruzuku kabla hujaandika sentensi moja.

Maabara_Nikotini
Mpango wako una tatizo la umri. Tangu Desemba 2019 umri wa kuuziwa tumbaku Marekani ni miaka 21, na kamati ya maadili itakubana kwenye kuwapa bidhaa watu wa miaka 18. Weka 21 hadi 25. Kwa walio chini ya hapo tumia data za PATH (utafiti wa taifa unaofuatilia watu na matumizi yao ya tumbaku), ambazo faili zake za umma ni bure na zitakupa matokeo ya awali.

Usinunue vifaa dukani. Mchanganyiko ukibadilika katikati ya jaribio, matokeo hayalinganishiki tena. NIDA, taasisi ya NIH ya utafiti wa uraibu, iliandaa sigara sanifu ya kielektroniki kwa ajili ya watafiti. Upande wa vipimo, kabonimonoksaidi kwenye pumzi hukuonesha aliyevuta sigara ya moto, lakini haimgundui mvutaji wa kielektroniki. Kotinini, kemikali ambayo mwili hutengeneza kutokana na nikotini, huwagundua wote wawili bila kuwatenganisha. Pima vyote viwili.

Mpitia_Maombi
Fedha za ile taasisi ziache. Ada za FDA ni lazima kisheria, na aliyezilipa hana sauti juu ya nani apewe. Kule kampuni inatoa kwa hiari yake. Majarida kama *Tobacco Control* na *PLoS Medicine* hayapokei utafiti uliofadhiliwa na kampuni za sigara, na ufadhili huo utabaki kwenye wasifu wako hata fedha zikiisha.