Blasta ya vazi: kadiri inavyofanana ndivyo ninavyoogopa (Lubumbashi)

KijanaKamalondo

Jambo wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Mchana nashona nguo za watu, usiku umeme ukiwepo nashona vazi langu mwenyewe. Ni lile la askari wa vazi jeupe wa filamu za Star Wars. Kofia imekwisha (ni bidoni mbili za mafuta ya kupikia za lita ishirini, nitaeleza siku nyingine), kinga za mwili zimebaki mkono mmoja. Kinachonisumbua ni bunduki yake, ile blasta (bunduki ya filamu) iitwayo E-11.

Wengi hudhani blasta hii ilibuniwa kutoka kichwani mwa mtu. Hapana. Filamu ya 1977 ilichukua Sterling, bunduki ya kweli kabisa ya Waingereza, wakaiwekea darubini juu, kihesabio ubavuni, na vipande vyenye umbo la T kandokando ya mtutu, ikawa silaha ya angani. Maana yake mimi nikiiga vizuri, ninaiga bunduki. Hilo sikuliwaza mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilipaka rangi nyeusi, nikaitundika kwa waya kwenye kamba ya nguo, kati ya vitenge viwili vya mama, nikaenda kununua uzi. Kurudi nakuta mama jirani amesimama kwenye lango letu, beseni kichwani, hasogei. Hakuwa anapiga kelele, na hapo ndipo mimi nilipoogopa. Watoto wake alikuwa ameshawafungia ndani. Kabla sijaeleza neno, shefu wa avenyu (mkubwa wa mtaa wetu) akaingia na vijana wawili. Aliitoa kwenye waya kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya aliyekufa, akaigonga kwa ukucha. Ko-ko-ko. Sauti ya ndoo. Vijana wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia: «Mimi nimegonga kwa ukucha. Yule atakayekukuta usiku hatagonga kwanza.» Akanirudishia, akaenda zake.

Sasa nifanyeje? Kuiacha sitaki, miezi mitatu nimekaa nayo. Mtutu nimetumia bomba la PVC la 40, maana ganda la Sterling ni karibu milimita 38, kwenye picha tofauti haionekani. Matundu niliyatoboa kwa msumari wa inchi sita niliouchoma kwenye mbabula (jiko la mkaa) kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda. Kila tundu limeota mdomo kama kidonda, na harufu yake ilinitoa nyumbani, nililala barazani nikikohoa. Rangi nayo inang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya Jumatatu. Na picha zenyewe ni Jumapili ya wiki ijayo, kwenye parsele (kiwanja chenye ukuta) ya rafiki yangu mtaa wa Bel-Air, ambako nyuma ya ukuta unaliona kwa mbali bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini. Kutoka Kamalondo mpaka kule nitapita vipi na kitu hiki mkononi?

SeremalaKatuba

Mdogo wangu, huyo shefu wa avenyu ni mtu mwenye akili. Mpelekee hata sukari.

Wewe umri wako siujui, ila Februari 2021, Jumapili ya tarehe 14, mji huu uliamshwa na risasi, kambi za jeshi zimevamiwa. Mimi na familia tulilala chini ya meza yangu ya kazi hadi jua likawa juu. Mtu aliyelala chini ya meza siku ile, akikuona na kitu cheusi chenye mtutu, hataanza kufikiria sinema. Askari wa barabarani ndiyo kabisa.

Kama ni lazima, usiitengeneze kuwa kitu kimoja. Ikate vipande vitatu: mtutu peke yake, mwili na mkono wake, darubini na magazini. Pale unapokata tumia ile sehemu ya kuungia ya mabomba yenye nyuzi za kuzungusha, fundi wa maji yeyote anayo. Mkono wa kushikia nitakuchongea mimi. Usichukue mninga, ni mgumu na bei yake si ya mchezo. Mvua hizi zimeangusha matawi ya jakaranda kila mahali, ukiukausha kivulini unachongeka kwa kisu tu. Pita Jumatano jioni.

MkonoWaDar

Salaam kutoka Dar. Mimi huwa natengeneza mapambo ya video na matangazo, kwa hiyo hii naijua kidogo.

Kwanza ACHA kuchoma PVC. Bomba hilo lina klorini ndani yake, likiungua linatoa moshi wa asidi, ndiyo hicho kikohozi chako. Na hata huhitaji moto. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, maji yanayochemka yanatosha. Ukitaka kupinda sehemu, jaza mchanga uliopashwa moto ndani ya bomba, subiri, pinda polepole, halikunjiki wala halibonyei.

Matundu: ondoa ile midomo kwa wembe, ziba kwa mastiki ya gereji (ile ya kuziba mabodi ya magari, yenye kigumishi chake), piga msasa, toboa upya. Usipime kwa macho. Bomba la 40, zidisha kwa 3.14, mzunguko wake ni sentimita 12 na milimita 6 hivi. Kata karatasi ya hesabu ya upana huo, chora matundu yote ikiwa imelala mezani, kisha izungushe kwenye bomba na uibandike. Mistari itakaa sawa yenyewe. Umeme hakuna? Keekee ya mkono inafanya kazi nzuri kuliko drili, kwa sababu haiendi mbio. Ingiza kipande cha mti cha mviringo ndani ya bomba ili lisipasuke, anza na tundu dogo la milimita 3, ndipo ulipanue.

Vipande vya T: nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, okota ule mpira wa kuzuia kioo wanaoutupa. Una umbo lenyewe. Kihesabio cha ubavuni kilikuwa kihesabio cha kweli cha kiwandani. Wewe tafuta redio ya kaseti iliyokufa, kile kidude chenye tarakimu tatu kinachozunguka, kichomoe. Kinaonekana vizuri kuliko chochote utakachochonga.

Rangi ndiyo ufundi. Ile ya kung'aa ikwangue kwa msasa wa 400 mpaka ifubae. Juu yake paka rangi ya ubao wa shule, koti mbili nyembamba. Ikikauka, chukua penseli laini, kwangua risasi yake kwa wembe upate unga, uusugue kwa pamba sehemu zinazoguswa sana: kingo, kichochezi, mdomo wa mtutu. Penseli ya shule inageuka chuma. Watu wa huku hawaamini mpaka washike.

Na usisahau, magazini yake inalala ubavuni kushoto, haining'inii chini, na ile ya filamu ni fupi.

RangiNaBrashi_Nairobi

Kwani hamjui ncha ya chungwa? Marekani ilishakuwa sheria tangu 1988: bunduki ya kuchezea inayofanana na ya kweli lazima iwe na kizibo cha rangi ya chungwa mdomoni, kisiingie ndani zaidi ya milimita 6. Paka hiyo, kwenye picha unaiondoa kwa kompyuta. Tatizo limeisha.

MamaLava_Goma

Ndugu wa Nairobi, pole, halijaisha. Rangi ya chungwa ni lugha, na lugha inataka wawili wanaoielewa. Hapa kwetu Goma nani alimfundisha mtu mwenye silaha kwamba chungwa maana yake mchezo? Tena usiku hakuna chungwa, vyote ni vyeusi.

Mimi nashona mavazi ya namna hii tangu sekondari. Baada ya Januari 2025, mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, vitu vyote vyenye mtutu nilivivunja na kuvichoma jikoni. Hata upanga wa mbao. Siku hizi wahusika wangu wote hawana silaha, na unajua, mawazo hayakuisha. Nilichukua chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) ya kaka yangu, nikaivika maboksi na rangi ya fedha, ikawa pikipiki inayoelea angani. Inabeba viazi Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi inakwenda kwenye nyota. Wewe Lubumbashi una nafasi kuliko mimi. Itumie, lakini usitoke nayo nje ya ukuta.

MtuWaRuashi

Yote haya kwa ajili ya askari wa Wazungu wa angani? Na tena yule mbaya! Si mvae vitu vyetu.

KijanaKamalondo

@MtuWaRuashi mkubwa wangu, mimi nashona suti za harusi za mtindo wa Italia siku sita kwa wiki na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Tuendelee.

@MamaLava_Goma picha ya hiyo chukudu naomba. Tafadhali.

@SeremalaKatuba nitakuja Jumatano, aksanti sana papa. Swali moja: vipande vitatu nimeelewa, lakini mkoba wenyewe? Nikiweka ndani ya mfuko mweusi na mtu akaufungua, naona mambo yatakuwa mabaya zaidi, maana nitakuwa nimeficha.

SeremalaKatuba

Ndiyo maana usifiche. Bomba la PVC ni bomba. Beba kwenye ndoo ya wazi, pamoja na vipande vya kweli vya bomba, kiwiko kimoja viwili, kopo la gundi ya mabomba, msumeno juu. Mtutu uwe umeuvisha gazeti kama bomba lililotoka dukani. Fundi wa maji anapita popote katika mji huu, tena watu watakusimamisha wakuulize bei ya kuunga choo.

Ila usidanganye. Ukiulizwa na mwenye mamlaka, sema: ni kifaa cha picha, hiki hapa, gonga kwa ukucha.

MkonoWaDar

Hahaha ndoo ya fundi bomba, hiyo naiiba.

Nyongeza moja: usiongeze uzito kwa kujaza mchanga au chuma. Uzito hauonekani kwenye picha, unaoonekana ni mkono. Mwambie mpiga picha akungoje, shika tofali kwa mkono huohuo dakika mbili, kisha shika blasta. Bega litakaa lenyewe pale linapopaswa kukaa.

KijanaKamalondo

Nimerudi. Samahani kwa kukawia, wiki ya harusi.

Matundu nimeyarudia yote kwa keekee ya papa Seremala na karatasi ya hesabu. Mawili yamekwenda upande kwa sababu nilikuwa naongea huku nazungusha. Mastiki ilitaka mikono ya haraka, ile ya kwanza iligandia kwenye kibao kabla sijapaka, nikatupa nusu ya kopo, na pesa yake iliniuma. Mkono wa jakaranda, sina la kusema. Mzee aliushika, akaufumbia macho, akapunguza hapa unyoya mmoja, pale unyoya mmoja, akanipa, na vidole vyangu vikajua pa kwenda. Kuupaka rangi nyeusi kulinitia aibu.

Unga wa penseli, MkonoWaDar, Mungu akubariki. Mdogo wangu wa darasa la tano analia penseli zake ziko wapi.

Sasa safari. Ndoo ilikaa wazi miguuni mwangu ndani ya taksi-bisi, kiwiko na msumeno juu. Mama mmoja kweli aliniuliza kuhusu bomba la jikoni kwake, nikajikuta namweleza habari za gundi na kukausha kwa saa nzima kabla ya kufungulia maji, kwa uhakika kabisa. Natumaini sikumharibia nyumba. Kabla ya kutoka Kamalondo nilipita kwa shefu wa avenyu na nikamwonyesha vipande vyote vitatu. Alivigonga kimoja kimoja. Halafu rafiki yangu wa Bel-Air naye alikuwa ameshawaambia majirani wa kulia na wa kushoto na mlinzi wa ng'ambo ya barabara. Yule mlinzi akaomba akae ndani atazame, tukampa kiti.

Picha tulipiga kuanzia saa tisa hadi jua lilipoanza kuwa jekundu. Nje ya ukuta haikutoka hata mara moja. Picha ya bomba la moshi tumeipata kwa kupandisha kamera juu ya ngazi, si mimi kupanda na bunduki, ingawa mpiga picha alinibembeleza sana, alisema mwanga ni ule ule hautarudi. Nikamwambia ubaki usirudi. Kofia ya bidoni ilinitoa jasho hadi miwani ikawa ukungu, picha kumi na mbili za mwisho nimeelekeza blasta kwenye mti wa maembe nikidhani ni kamera.

Tulipomaliza niliifungua pale pale, nikairudisha kwenye ndoo. Mdomo wa mtutu umeshaanza kuchubuka pale kwenye nyuzi za kuzungushia, plastiki nyeupe inachungulia. Kuna anayejua rangi inayovumilia kufunguliwa na kufungwa kila mara, au niiache hivyo nipake baada ya kila safari?

Na kihesabio cha redio ya kaseti kimekwama kwenye 417. Nimekigonga, nimekipulizia, hakitaki. Nimekiacha hivyo hivyo.