Jaa la kaunti halina leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya): mkaguzi aanze kubana wapi?

Mkaguzi_Mashinani aliuliza:

Wadau, habari. Naulizia jaa la taka la mji mmoja hapa Kenya, ekari kama 12, malori 35 hivi kwa siku. Leseni ya mwaka imeisha na kaunti haijaomba nyingine. Ripoti ya ukaguzi wa mazingira haikuwasilishwa. Ua umeanguka upande wa mtoni, moto unafuka usiku na mchana, mizani hakuna. EMCA, sheria ya mazingira ya Kenya, iko wazi: kifungu cha 88 kinataka leseni kwa kila anayeendesha jaa. Lakini mwenye jaa ni serikali ya kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lililoipa kazi ya taka. Likifungwa kesho, taka zitamwagwa wapi? Barua tatu zimeandikwa, zote zimejibiwa "suala linashughulikiwa". Ushahidi gani unasimama mahakamani, na amri iandikwe vipi isiishie kwenye faili?

Udongo_Sm15 alijibu:

Ukiandika "boresheni usimamizi wa jaa" utajibiwa hivyo hivyo hadi ustaafu. Kila sharti la leseni ligeuze kuwa kitu kinachopimika. Mfano, kufunika taka: kipimo cha kawaida ni sentimita 15 za udongo kila jioni. Chimba vishimo vitano mahali wanapodai wamefunika, simamisha rula ndani, piga picha yenye tarehe na vipimo vya mahali vya GPS. Picha moja ya rula inayosoma sentimita 4 ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo.

Mizani kukosekana kusikuzuie. Hesabu malori langoni siku tatu, mojawapo iwe siku ya soko. Lori la mita za ujazo 10 lenye taka zisizoshindiliwa, kwa kadirio la kilo 300 kwa mita ya ujazo, limebeba tani 3. Malori 35 ni tani 105. Zikishindiliwa hadi tani 0.6 kwa mita ya ujazo, zinachukua mita za ujazo 175. Udongo wa kufunikia ni kama sehemu moja kwa tano, yaani mita 35, malori manne kwa siku. Hapo amri yako inasema "malori manne ya udongo kila siku", na mhasibu wa kaunti anaweza kulipigia bei.

Sampuli za maji ya ardhini ndizo zinazoharibu kesi. Unahitaji kisima kimoja upande wa juu wa jaa na angalau viwili upande wa chini, la sivyo watasema uchafu umetoka kwingine. Kabla ya kuchota, toa maji mara tatu ya ujazo uliomo kisimani, maana yaliyotuama hayaonyeshi hali ya ardhini. Chupa ya sampuli ya kupimia amonia inatiwa asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ya metali inatiwa asidi ya nitriki. Usizichanganye: nitriki ina nitrojeni, na amonia unaipima kama nitrojeni. Zote kwenye barafu, nyuzi 4 hivi. BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu majini) ipimwe ndani ya saa 48, kwa hiyo usichote Ijumaa alasiri kama maabara haifungui wikendi. Tumia maabara iliyoteuliwa kisheria, na kila anayeshika chupa atie sahihi na saa kwenye fomu ya makabidhiano. Pengo la saa mbili kwenye fomu hiyo linamtosha wakili wa upande wa pili.

Kalenda_ya_Bajeti alijibu:

Ushahidi sawa, ila amri nyingi hufia kwenye tarehe. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Amri ya ua na mizani ikitoka Mei, watakwambia hakuna fungu, na watakuwa wanasema kweli. Ikitoka Julai, inaingia kwenye mpango wa Septemba. Ikichelewa, elekeza kwenye bajeti ya nyongeza.

Tenganisha yasiyohitaji fedha mpya: lango lenye mlinzi, daftari la malori, kumwaga sehemu moja tu badala ya jaa zima. Hayo yape siku 14. Amri ya urejeshaji ya kifungu cha 108 itaje kitendo, mhusika, hatua, muda na haki ya kukata rufaa. Ukiacha moja umewapa mlango wa kutokea. Mpe mkononi katibu wa kaunti, na nakala kwa afisa mkuu anayesimamia fungu la mazingira. Wakikaidi, kifungu cha 90 kinakuruhusu kuomba amri ya mahakama dhidi ya anayeendesha jaa bila leseni.

Ila usiombe jaa lifungwe kabla hujaonyesha taka zitakwenda wapi. Julai 2021 mahakama iliamuru jaa la Dandora, Nairobi, lihamishwe ndani ya miezi 6, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001. Miaka ikapita, malori yakaendelea kumwaga palepale.

Dampo_Bongo alijibu:

Ndugu zangu, mimi ningeanza na mteremko kabla ya hayo yote. Kiteezi kule Kampala lilijaa likaendelea kupokea. Agosti 2024 likaporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Pima kimo cha lundo na mlalo wake. Ukipanda mita 1, uwe umekwenda mlalo angalau mita 3. Ukikuta nyufa juu ya lundo, au maji meusi yanatokea katikati ya mteremko, zuia malori upande huo siku hiyo hiyo na waondoe walio chini yake.

Moto usiumwagie maji hovyo. Yanazama, yanaongeza yale maji meusi na kulegeza lundo. Tingatinga lichimbue sehemu inayoungua, liitandaze kwenye tabaka jembamba, kisha izimwe kwa udongo.

Na ua, ukiwafungia nje waokota taka utakatwa wiki hiyo hiyo. Waandikisheni, wapeni saa zao, na eneo la kuchambulia mbali na tingatinga.

Mkaguzi_Mashinani:

Ahsanteni sana. Moja limebaki: tingatinga na malori ni ya mkandarasi. Amri iende kwake?

Kalenda_ya_Bajeti:

Ya jaa iende kwa kaunti, ndiyo inayopaswa kuwa na leseni yake. Mkandarasi mbane kwa leseni ya usafirishaji taka. Simama langoni asubuhi, andika namba ya kila lori na uitishe leseni palepale.