Tisa mbili mkononi, kwini mezani: kufuata dau au kutupa?

Karata_Kavu: Wakuu, nisaidieni na mchezo huu wa poka. Meza ya watu 6, blaindi (madau ya lazima ya wachezaji wawili) 1/2, kila mtu ana chipu 200. Jamaa aliyetangulia kucheza kaweka 6, mimi niko wa mwisho na jozi ya tisa, nikafuata. Wengine wakatupa. Flopu (karata tatu za kwanza mezani): kwini ya kopa, sita ya pau, mbili ya uru. Kaweka 8 kwenye kitita cha 15, nikafuata. Karata ya nne, kingi ya shupaza. Kaweka 24. Nikatupa, na mpaka sasa roho inaniuma. Nilikosea?

Mzee wa Kitufe: Hukukosea. Unatoa 24 kugombea kitita kitakachofika 79, kwa hiyo lazima ushinde asilimia 30 hivi. Kama ana kwini au kingi, za kukuokoa ni karata 2 (tisa zilizobaki) kati ya 46 usizoziona. Na hiyo 24 si bei yote. Karata ya tano unadhani atanyamaza?

dada_shupaza: Mzee unamtisha bure. Esi-jeki, esi-kumi, jeki-kumi, zote anaweza kuzichezea hivyo, na kingi ni karata tamu ya kutishia. Ukikimbia kila ukiona picha utaliwa mpaka uishe: jozi ya tisa hukuta karata kubwa kuliko yenyewe kwenye flopu mara 79 kati ya 100. Nane ni 87. Hata kumi ni karibu 70.

Mzee wa Kitufe: Flopu sina ugomvi nayo, pale alihitaji asilimia 26 tu. Ila hiyo jeki-kumi iangalie vizuri. Ikishuka tisa, mwenzetu anashangilia tisa tatu zake, kumbe jamaa kapata mfululizo wa karata tano, tisa mpaka kingi. Karata anayoiombea ndiyo inayomchinja.

tupa_mapema: Mimi ningetupa kabla ya flopu. Anayefungua wa kwanza huwa ana mzigo, yaani karata kali.

dada_shupaza: Kwa 6 wakati una 200? Tatu za aina moja hushuka kwenye flopu kama mara 1 kati ya 8 au 9, na mwenye mzigo ndiye anayekulipa zikishuka. Ungekuwa umebaki na 40 hapo sawa, ni kusukuma chipu zote au kuacha.

Mzee wa Kitufe: Tuulize jamaa mwenyewe anachezaje. Kuna watu flopu wanapiga dau na chochote, karata ya nne wakanywea. Wa aina hiyo akipiga tena, mpishe. Asiyejua kunyamaza, mfuate.

Karata_Kavu: Nimerudi kwenye kumbukumbu za programu. Mara mbili alipiga dau la pili akafika mwisho, zote alikuwa na karata kali kweli. Hiyo ya tisa sikuiona kabisa mkuu, nilikuwa naihesabu kuwa ni ya kwangu. Halafu inaonyesha karata ambayo ingefuata: tatu ya uru. Sijui hata ningeifanyia nini.

dada_shupaza: Mara mbili tu? Bado hujamjua huyo.