Mjadala: Ndege kongwe za vita, ziendelee kuruka au zipumzishwe makumbusho?

Tai Mzee (mleta mada)
Wakuu, nianze kwa kukiri upande wangu: nina ugonjwa wa ndege za zamani. Injini ya Merlin, ile ya silinda 12 iliyobeba ndege za vita za Uingereza, Spitfire na Lancaster, naitambua kabla sijainua shingo kuitafuta. Lakini tangu Novemba 12, 2022, siku ambayo B-17, ndege ya mabomu, na P-63, ndege ya kivita, ziligongana kwenye maonyesho ya ndege ya Dallas, Marekani, mbele ya umati na watu wote 6 waliokuwamo wakafa, sitazami tena kwa moyo mweupe. Lancaster ziliundwa zaidi ya 7,000. Leo zinazoruka ni mbili tu, moja Uingereza na nyingine Kanada. Tuzirushe mpaka ziishe?

Mimi nasema ziruke. Makumbusho yanakuonyesha umbo, basi. Subiri uione B-17 ikiwashwa. Kwanza mafundi wanazungusha propela kwa mikono taratibu, kwa sababu oili hujikusanya kwenye silinda za chini za injini ya duara (silinda zake zimepangwa kama duara), na ukiiwasha hivyo hivyo unaweza kuipasua. Halafu inakohoa, inatema moshi, inakohoa tena, inashika. Ndipo unajiuliza vijana wa miaka 20 walikaaje ndani ya kelele ile kwa muda wa saa nane, tena wakitupiwa risasi. Hakuna kibao cha maelezo kitakachokuambia hayo.

Mlinzi wa Kale
Mkuu, kibao cha maelezo hakijawahi kuua mtu.

Na hii hoja ya "tunazihifadhi kwa kuzirusha" mnisamehe, inanichekesha. Kila saa ya kuruka inachosha chuma. Kipande kikiisha kinawekwa kipya, kesho kingine, na mwisho mnashangilia ndege iliyochongwa mwaka jana. Hiyo ni heri. Shari ni kuipoteza yote. Ile Mosquito, ndege ya vita ya Uingereza, iliyoanguka nchini humo mwaka 1996 ilikuwa ya mwisho kuruka huko, na wawili waliokuwamo walikufa nayo.

Fundi Spana
Tusichanganye uzee na uzembe. Someni ripoti, siyo vichwa vya habari.

Dallas: wachunguzi hawakulaumu chuma. Walikuta hapakuwa na mpango uliowekwa mapema wa kuzitenganisha ndege zile, kwa mfano hizi ziruke juu na zile chini. Mwelekezaji wa maonyesho alikuwa akitoa maagizo redioni papo kwa papo, marubani nao wakitegemea macho yao kuonana. Ukiwa kwenye ndege ya kivita umelala upande kwenye kona, pua na bawa vinakuziba usimwone aliye mbele yako. Hata zingekuwa mpya kutoka kiwandani zingegongana.

Ju-52, ndege kongwe ya abiria ya Kijerumani, iliyoanguka Uswisi mwaka 2018 na kuua watu 20 iliundwa 1939. Walikuta kasoro za matengenezo, ndiyo, lakini kilichoiangusha ni marubani kuipitisha chini mno kwenye bonde la milima.

Inayoniuma kama fundi ni B-17 iliyoanguka Connecticut, Marekani, Oktoba 2019. Injini ilipungua nguvu muda mfupi baada ya kuruka, rubani akaizima na kugeuka kurudi, mwendo ukamwishia kabla ya kufika. Watu 7 kati ya 13 walikufa. Uchunguzi ulilaumu namna alivyoiendesha baada ya kuizima injini, lakini ulitaja pia matengenezo hafifu. Hilo ni letu sisi wa spana, hatuna pa kulikwepa.

Abiria Mwoga
Nyote mnazungumzia waliopanda. Mimi nawauliza kuhusu wasiopanda. Maonyesho ya Shoreham, Uingereza, Agosti 22, 2015: Hawker Hunter, jeti kongwe ya kivita, ilianza kitanzi (kupanda, kupinduka na kushuka kama duara) ikiwa na mwendo mdogo, ikafika juu bila kimo cha kutosha, ikaporomokea barabara ya A27. Waliokufa ni 11, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya uwanja wa maonyesho. Wengine walikuwa safarini kwenye shughuli zao. Rubani alipona, na mwaka 2019 mahakama haikumtia hatiani.

Aliyekata tiketi amejua anachokifuata. Aliye barabarani ameulizwa na nani?

Tai Mzee
Hapo umenibana, sikatai. Baada ya ajali ile mamlaka ya anga ya Uingereza ilizuia jeti kongwe kufanya sarakasi juu ya nchi kavu, zikabaki kupita tu, na nakumbuka tulivyolalamika kwamba wameua burudani. Leo nasema walifanya sawa. Naongeza: abiria wa kulipa wasipande kabisa.

Fundi Spana
Unajua umesema nini lakini? Nauli za abiria ndizo zinazonunua mafuta na vipuri. Ile B-17 ya Connecticut ilikuwa na abiria wa kulipa. Mwaka 2020 wenyewe wakafutiwa kibali cha kubeba. Ondoa nauli, wengine watafunga hangari bila sheria yoyote kuwagusa. Vulcan XH558, jeti kongwe ya mabomu ya Uingereza, haikuanguka wala haikupasuka. Iliacha kuruka Oktoba 2015 kwa sababu kampuni zilizokuwa zikisimamia utaalamu wake zilijitoa.

Mlinzi wa Kale
Na iko salama chini, nzima, inatazamika. Mfano mzuri, asante.

Tai Mzee
Nzima, bila mlio wake! Wewe hujawahi kuusikia.

Abiria Mwoga
Mbona kuna njia ya kati na hamuitaji? Old Warden, Uingereza, wanayo Bleriot, ndege ya mwaka 1909. Siku isiyo na upepo wanaiinua kidogo, inanyooka juu ya majani, inatua uwanja ule ule. Haizunguki, haipiti juu ya nyumba ya mtu. Mimi hiyo ningelipia kiingilio, tena nikae mstari wa mbele.

Tai Mzee
Mkuu, ile ina silinda 3. Hiyo ni sauti ya pikipiki.